Mashine ya Ouma

Shemeji Akoth,

Uko poa na watoto? Mashine ya boti ilifika. Iko juu ya pipa hapa gereji yangu Mashimoni, na wateja wangu wa boda wanaipiga picha. Kabureta nimeosha, plagi nimebadilisha. Hope wetu ameota meno mawili.

Uliniuliza kwa nini ilizimika katikati ya ziwa siku ile Ouma alizama. Pistoni imechubuka na kukwama, kwa sababu ilipewa petroli bila oili. Mashine kama hii lazima uchanganye petroli na oili. Pikipiki zetu hatuchanganyi.

Wanaosema ndugu yangu alikuwa mzembe waache. Asubuhi ile nilikuwa huko kwenu, na tangi nilijaza mimi.

Nitaileta mwenyewe Jumamosi, kama bado utanifungulia mlango.

Opondo