Volga Isimwagiwe Maji ya Moto

Gulchehra mwanangu,

Supu ya wali iko jikoni, ipashe tu. Otabek akiamka ale kwanza, ndipo umwambie kwamba maji yameganda kwa baridi ndani ya injini ya Volga, yakaipasua. Asijilaumu. Kila jioni huyamwaga maji ya injini, ila jana alikuwa amenishikia beseni nikikohoa, akasahau. Miaka mitatu mwanao amelifufua gari la babu yake, kipande kwa kipande!

Ulipokwenda kuchukua maziwa, mumeo alilipiga teke. "Mama, basi! Nimewaita watu wa vyuma chakavu, wanakuja leo."

"Bahrom, ulitoka hospitali ungali mchanga, ndani ya gari hili."

"Na kitovu changu je, umekiweka pia?"

Nikamwambia kipo kabatini. Hakucheka. Akaenda zake kazini.

Nimekwenda kumtafuta fundi Hamdam, maana simu yake haipatikani, na simjui mwingine awezaye kuziba ufa wa injini. Msilimwagie maji ya moto, litapasuka zaidi. Msiliwashe. Nimeona umelifunika kwa mfarishi wako wa harusi. Mungu akulipe, mwanangu.

Hao watu wakija kabla yangu, ~~waache walichukue, tusigombane na Bahrom~~ hapana. Wakaribishe chai. Wamiminie kidogo kidogo, uongeze, uongeze tena. Usijaze kikombe hata mara moja, wasije wakadhani tunawaruhusu kuinuka. Nakuomba sana.

Bibi yake Otabek