Mama mkwe mbele, mbuzi katikati, mimi nyuma

Jumamosi, jioni. Nipo Butiama, ukweni. Mvua ya mchana imekatika, vilima vinafuka kama ugali uliopakuliwa sasa hivi, na mikono yangu inanuka utumbo wa mbuzi. Lakini moyo umetulia. Shajara, ngoja nikueleze.

Leo ilikuwa sherehe ya kipaimara cha mtoto wa hapa nyumbani. Mke wangu alitangulia juzi. Mimi nimetoka Mukendo, pale Musoma mjini, asubuhi na basi, nikashukia njia panda. Hapo nikamkuta shemeji Magesa, kaka yake mke wangu, ametoka Bunda na pikipiki yake mpya. Akaniambia panda. Nikamwambia mwanaume mwenye miguu yake hapandi pikipiki.

"Barabara inazunguka vilima vyote hivi," nikasema. "Mimi nakata katikati. Utanikuta nimeshaoga."

"Kwa umri huo, shemeji?"

"Umri upi? Hivi vilima vinanijua. Chui wa huku nilimkoholeaga mara moja tu, akakimbia mpaka Serengeti."

Akacheka mpaka akaegemea pikipiki. Habari hiyo ya chui nimeisimulia miaka mingi, na ukoo mzima hakuna aliyewahi kuiamini. Tukawekeana sharti: atakayechelewa ndiye ataosha utumbo wa mbuzi, uwanjani, wageni wakimtazama. Kwa mtu mwenye jina kama mimi, hilo siyo jambo dogo.

Nikapanda. Shule niliishia la tano, lakini mlima sijawahi kufeli. Njia ya ng'ombe nikaipita mbio, mashamba ya mihogo nikayaacha chini, pimbi wamekaa juu ya mawe wananishangaa. Kwa mwendo ule ningefika kabla Magesa hajabadilisha gia.

Halafu nikakunja kona, nikamwona mama mkwe.

Alikuwa mbele yangu, anavuta mbuzi kwa kamba, kichwani ana kapu la viazi vitamu. Kumbe alikwenda kwa dada yake kuchukua mbuzi wa sherehe. Sasa huku kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawaangaliani, mkono hawapeani, na kumpita njiani ni mwiko. Mkikutana, mmoja anaingia porini. Na pale pori la kuingia halikuwepo. Kushoto jiwe kubwa kama kanisa, kulia korongo.

Nikakohoa, ili ajue kuna mtu. Ndiyo adabu.

Hakugeuka. Akamwambia mbuzi, "Wewe, tembea taratibu. Wenye haraka wako nyuma, watasubiri."

Nikapunguza. Yeye anatembea kidogo, anasimama, anapumua. Mimi kule nyuma natazama viatu vyangu. Pikipiki ya Magesa naisikia ng'ambo inanguruma, inazunguka zake kwa raha.

Nikaona jina langu linakwenda.

Kwa kuwa mbele siruhusiwi kutazama, nikatazama pembeni. Na hili nakuambia wewe peke yako: vilima hivi nimevipitaga tangu nachumbia na sikuwahi kuviona. Mawe yamepandana kama kuna mtu alikuwa anayapanga, akaitwa kula. Chini kuna nyumba za bati, moshi wa jikoni, mtama unainama. Mbali kabisa, upande wa Musoma, ziwa limelala linang'aa kama sahani iliyooshwa.

Kwenye mwinuko wa mwisho mama akachoka. Nikamsikia anahema. Mkwe gani anatembea mikono mitupu wakati mama wa mke wake anahema? Lakini nitamwambiaje?

Akatua kapu juu ya jiwe. "Mbuzi wangu," akasema, "hivi viazi naviacha hapa. Binti yangu ameolewa na mtu ana nguvu nyingi mdomoni. Tutaona kama na shingoni zipo."

Akaendelea na mbuzi wake. Nikalibeba kapu. Lilikuwa zito kama ndama, na hapa siongezi chumvi.

Tulipofika, Magesa alikuwa kivulini, mguu juu ya mguu, chai mkononi. Alinionyesha beseni tu, na wageni wakacheka kwa niaba yake. Mbuzi akachinjwa, yuleyule mkalimani wetu. Nikachutama, nikaanza kuosha utumbo.

Mke wangu akapita karibu, akainama. "Leo huna hadithi, Baba Nyangeta?"

Nikazidi kusugua. Ningesema aliyenichelewesha ni mama yake?

Ndipo sauti ya mama mkwe ikatoka jikoni, nyuma ya ukuta, kubwa, ya kusikika na wote.

"Leo ningefika hapa na kamba tupu. Pale kwenye kona ya jiwe kulikuwa na chui. Kuna mtu alikuwa nyuma yangu, akakohoa mara moja. Chui sikumwona tena."

Magesa akanitazama, akatazama jikoni, akanitazama tena. Yule ni mama yake mzazi, atamwita muongo? Akavua saa, akakunja mikono ya shati, akalivuta beseni upande wake.

"Chui mwenyewe mkubwa, shemeji?"

"Kamuulize mama," nikasema.

Mimi chui sikumwona. Lakini si nilikuwa natazama chini muda wote? Na mimi ni nani nibishane na mama mkwe?

Kesho narudi kwa njia ileile. Nitakohoa kwenye kila kona.