Remorke ya Chini Imefika, Mama Aline

Mama Aline,

Ulikufa. Mashini ya kuchimba ilianguka kutoka juu ya remorke, ile yenye kamyo inavuta nyuma, pale Kibati, ikakulalia. Batu banasema "alipumuzika", banasema "Mungu alimuita". Miye nilikuwa pale. Hakuna mutu alikuita. Ni chuma ilikuangukia.

Nakuandikia sababu kuko mambo ya remorke, na weye njo mutu yenye nilikuwa naongea naye mambo ya kazi. Bengine banachoka haraka.

Unakumbuka chukudu yetu, ile pikipiki ya mbao ya kusukuma? Ilikuwa mbele Aline azaliwe. Nilikuwa naleta viazi kutoka Kibumba mpaka Birere, weye nyuma unashikilia mifuko. Miye nilipanga mifuko juu, juu, juu, isikwaruzwe na majiwe ya volkano. Ukasema: "Shusha, bwana. Iko juu sana." Nikasema majiwe itapasula mifuko. Ukasema: "Mufuko ikipasuka tutaokota viazi. Weye ukipasuka nitaokota nini?" Ulicheka peke yako. Kisha nikashusha.

Nilipopata kazi ya kufunga mashini na minyororo juu ya remorke, ukaanza kutuletea chakula ku shantie, pale tunatumikia. Mashini uliiita muke mwenzako, sababu nilikuwa nayo muchana yote. Asubui unaniambia: "Enda, ule wa manjano iko nakungoja. Umwambie miye njo napika." Papa Bahati, shofere wetu, alikuwa anashika tumbo na kicheko.

Siku ya kwanza kuona ile remorke uliizunguka yote. Ukauliza: "Juu ya nini iko murefu hivi?"

Papa Bahati akajibu: "Mama, huku ni majiwe. Ya chini itakwaruza tumbo. Goma yote iko nabeba juu."

"Goma yote ikilewa, na weye unalewa?"

"Mama, miye njo nilianza kulewa."

Tulicheka sote. Remorke ikabakia vile.

Ilikuwa juu, na sakafu yake chuma tupu. Ngazi ya kushushia haikukuwa. Tulikuwa tunarundika udongo na majiwe nyuma, mashini inatelemukia pale. Ile siku mvua ilinyesha. Miguu ya mashini ni chuma, sakafu ni chuma, kati yao maji. Weye ulikuwa ku upande, unapanga masahani. Mashini iligeuka kidogo tu. Ikaenda pembeni kama sabuni. Sufuria ya maharagi haikuguswa. Ilibakia pale, iko natoa moshi.

Kisha maziko nilimwambia patron, mwenye mashini: "Sirudi. Mpaka ile kitu iondoke, ikuje ingine yenye haiwezi kuua mutu."

Akasema: "Nimekusikia." Sikuamini.

Nikakaa mu nyumba, hapa Majengo. Aline alikuwa anakula kwa dada yako. Majirani bakaanza: "Papa Aline, kufungua na kufunga mulango tu njo kazi siku hizi?" Patron angeweza kuchukua mwingine. Bafunga minyororo ni bengi mu hii mugini. Lakini niliwaza hivi: nikirudi juu ya ile remorke, nimekubali vile ulikufa. Na niliwaza ingine. Akileta ya muzuri, hii kitu yenye iko mu kifua itapungua.

Siku moja patron akafika ku mulango. Hakukaa. Akasema: "Ile nimeitoa. Kamyo yake nayo imechoka. Kuja tuangalie zingine. Miye naona rangi tu, weye unajua kwenye mashini inateleza."

Tukaenda na Papa Bahati. Kulikuwa komisionere moja, dalali ya kamyo, mutu ya viatu misafi na maneno mingi, alitutembeza mu uwanja ya kuuzisha kamyo. Ya kwanza: kamyo kubwa, yenye nguvu, inasukuma na magurudumu yote ya nyuma. Remorke yake ilikuwa juu kama ile yetu, na rangi mupya.

Komisionere akasema: "Boss, hii si kamyo. Hii ni ndege!"

Papa Bahati akasema: "Ndege yote inangukaka, sha."

Halafu akakumbuka niko pale. Akaangalia chini.

Nikaingia chini yake na tumbo. Injini ilikuwa muzima, freni muzima. Sakafu ya remorke chuma tupu. Nikatoka. Nikasema: "Kamyo ndiyo. Nyuma hapana."

Ya pili ilikuwa remorke ya chini kabisa, ile banaita porte-char. Patron akaipenda. Akasema: "Hii haiwezi kupinduka." Kweli, haiwezi. Lakini Papa Bahati akapima na mukono kutoka udongo mpaka tumbo yake, akatikisa kichwa: "Patron, hii itabakia Kibati, tumbo ku majiwe, kama ngombe iko nazala. Tutaanza kuita munganga." Patron akacheka. Miye pia nilicheka, Mama Aline. Niliona haya. Nilicheka na weye uko mu udongo.

Ya tatu njo ilikuwa yenyewe. Haikukuwa chini ya kukwaruza, haikukuwa juu ya kupinduka. Shingo yake inapanda mbele, mugongo inashuka. Sakafu ni mbao nene, mashini ikikanyaga inashika. Ngazi mbili za chuma nyuma, zinakunjwa na kukunjuliwa, hakuna tena kurundika udongo. Pete za minyororo pande zote. Nikapima upana na hatua zangu. Miguu ya mashini itaenea ndani, hakuna ya kubakia inje. Nilikaa juu ya zile mbao kidogo.

Lakini kamyo yake ilikuwa mulegevu. Magurudumu ya kusukuma ilikuwa ya mustari moja tu. Nikamwambia patron: "Tuchukue nyuma ya hii, na mbele ya ile ya kwanza."

Komisionere akaruka: "Ah! Muzee, hii ni bibi na bwana, bameoana! Haziachanishwe!"

Patron naye: "Sasa unanichagulia mpaka kamyo?"

Nikasema: "Kamyo mulegevu, ku mutelemuko remorke itaisukuma. Freni itaungua. Itatafuta batu kwenye beko. Bamama banauzisha kando ya barabara mpaka mu mugini."

Patron akaangalia magurudumu ya ile kamyo. Nikajua kama akisema hapana, narudi nyumbani na nabakia kule. Nilikuwa tayari. Labda nilikuwa nataka aseme hapana.

Akasema: "Na miye silalake usiku, Papa Aline." Akageukia komisionere: "Achanisha bibi na bwana."

Leo tumeipima. Mashini ni ile ile, patron hana ingine. Baliiosha. Mvua ilikuwa nanyesha na hakuna mutu alisema tungoje. Papa Bahati aliipandisha ku ngazi pole pole. Miye nilisimama ku upande, pale weye ulikuwa umesimama. Niliwaza, kama itateleza, iteleze leo.

Haikuteleza. Hata kidogo. Ilipanda, ikageuka, ikatulia juu ya mbao kama mutoto ku mugongo. Bakapiga makofi. Patron akanishika bega. Nikaenda nyuma ya magurudumu kama mutu anaenda kukojoa. Sikukojoa.

Ni mbao tu, Mama Aline. Mbao, na ngazi, na kushuka kidogo. Mbao yenye inauzishwa Birere kila siku, batu banapita nayo ku kichwa. Sikuwa najua kama kitu yenye ingekuzuia kufa ni kidogo hivi. Mbele ya leo niliwaza ni kitu kubwa, yenye batu kama siye hatuwezi. Sasa hata ile uwongo sina tena.

Na kifua iko vile ilikuwa. Haikupungua. Ile remorke itabeba mashini muzuri miaka mingi, na hakuna mahali itakuleta.

Aline amerudi nyumbani magaribi. Nilimwambia imefika, ni muzuri, haitelezi. Akauliza: "Papa, sasa Mama angekuwa muzima?" Nikamwambia ndiyo. Akaenda kuosha masahani. 

Niliomba ku kitanda, pale upande yako ya ukuta. Sikuombea roho yako, padiri aliisha fanya ile. Niliomba tu usiku isiwe murefu. Unajua siye batu ya kutoka Bukavu tunajua kuomba. Hii mara sikuona anayesikia.

Kubishana na patron ilikuwa inanisaidia. Nilipokuwa nakatala, ilikuwa kama tungali tunangoja kitu, weye na miye. Nilikuwa na sababu ya kukaa hapa na kuangalia nguo zako ku musumari. Leo amenipa yote nilimuomba. Wakati tulishusha mashini aliniuliza: "Basi, Papa Aline?" Nilitafuta neno la kukatala. Sikupata.

Lala, bibi yangu. Sina habari ingine. Kesho narudi ku kazi.

Bwana yako,
Papa Aline