Kibao cha Nguzo ya Nne

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na watoto. Goti limepata nafuu? Mimi mwili mzima, moyo ndio haujatulia.

Bustani ya miche iko vilevile tangu uondoke mwezi uliopita. Asubuhi ukungu unalala kati ya vitalu, na roboti ya kumwagilia, Bibi Harusi wetu, inatokea humo taratibu kama inaota. Naitazama mpaka chai inapoa, nasahau nilitumwa nini. Si unanijua.

Juzi fundi alinieleza upya kazi ya vile vibao vya miraba myeusi na myeupe vilivyotundikwa kwenye nguzo. Setilaiti huiambia roboti iko wapi, ila kati ya kuta ndefu za vioo hukosea hata hatua tatu. Kamera yake ikiona kibao, ambacho mahali pake pamepimwa na kuingizwa kwenye kompyuta, inajirekebisha hadi upana wa kidole. Nikaitikia tu, nikageuka nisimtazame usoni.

Maana siku ile roboti ilipopanda kitalu na kusaga miche ya msimu mzima, wewe msimamizi ndiye uliyeambiwa umehamisha kibao. Ulisema, "Sikukigusa," ukavaa koti ukaenda zako. Nami nilikuwa mlangoni, nimenyamaza.

Kaka, ni mimi. Jana yake upepo ulikiangusha. Msumari wa nguzo ya nne ulikuwa umeng'oka, ya tano ilikuwa nao, nikakitundika hapo. Haki ya Mungu, nilijiambia kama setilaiti zenyewe zinakosea hatua tatu, hatua moja na nusu kati ya nguzo na nguzo itamdhuru nani? Sikujua kwamba roboti ikishaona kibao hukiamini, haiulizi tena.

Wewe ndiye uliyenisomesha, ukanitafutia na kazi hii, nami nikakuacha utoke na aibu yangu. Nimejichukia kwa hilo.

Leo asubuhi nimemweleza bosi kila kitu. Akasema, "Mwite kaka yako arudi." Kunihusu mimi hakusema neno, nami sikuuliza. Nimekabidhi funguo. Jumatatu wanakungoja. Mimi nitakuwa kwa mama, na sitakuja kwako mpaka uniite mwenyewe.

Msalimie shemeji. Watoto wakiuliza baba yao mdogo yuko wapi, waambie yupo. Nililofanya nitawaambia mwenyewe, ukiniruhusu.

Ni mimi,
Mdogo wako