Neno Nililosikia Nyuma ya Jikoni

Litein,
Jumapili baada ya kanisa

Kwa dada yangu mpendwa Kalekye,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini mguu wako uliovimba umepoa, na kwamba mwaitu, mzazi wetu, sasa anakula chakula badala ya kukichezea kwa kijiko. Mimi mwili hauna neno. Mvua hapa inanyesha kila siku saa nane bila kukosa, na nikiwakumbuka nyinyi huko Mwingi mkitazama mawingu yakipita, naona aibu kulalamika kwamba nguo zangu hazikauki. Lakini hazikauki.

Utasema simu ingetosha. Haingetosha. Kwa simu ungenicheka kabla sijamaliza, nami ningekata. Kwa hivyo kaa chini, usome mpaka mwisho, ndipo ucheke.

Nimefanya jambo baya kwa sababu ya wivu. Haya, nimelisema. Wewe ndiye uliyeujua wivu wangu kabla ya mtu mwingine yeyote, tangu uliposhonewa lile gauni la maua na mimi nikalimwagia uji makusudi. Nilidhani umri umeniponya. Umri haujaniponya kitu.

Kazi yangu nilikueleza juujuu tu, wacha nikueleze vizuri. Haya ni makao ya watoto, katikati ya mashamba ya chai, lakini si kama yale ya mayatima unayoyajua. Hapa wanaletwa watoto ambao walipokuwa wadogo hawakupata mtu mmoja wa kuwashika. Walipitishwa mkono hadi mkono, au walipigwa na yule yule aliyewalisha, mpaka moyo ukakataa kumwamini mtu. Wengine hawataki kuguswa. Wengine humfuata mtu yeyote, hata muuza mboga aliyeingia mara moja. Matibabu yenyewe ukiyatazama utasema ni kazi ya nyumbani tu. Kila mtoto anapewa mtu wake. Mtu huyo huyo ndiye anayemwamsha, anayemwogesha, anayemsuka, anayekaa naye akipiga nduru. Akikutukana huondoki. Ukisema utarudi saa kumi, unarudi saa kumi, siku baada ya siku, mpaka mtoto aanze kushuku kwamba labda wewe hutamwacha.

Mimi ndiye mtu wa Chelangat. Ana miaka sita. Akianguka na kuchubuka goti halii, anaiangalia damu kama ya mtu mwingine. Mwaka mzima hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita "wewe". "Wewe, kuja." "Wewe, sitaki." Nikimsuka alikubali mistari mitatu halafu akatoroka, na tumeenda kanisani mara nyingi akiwa amesukwa nusu kichwa, akina mama wakinitazama kana kwamba mkono wangu umepooza. Mshauri wetu alinionya nisidai kupendwa. Sikudai. Nilingoja tu, lakini nilingoja sana.

Katika nyumba yetu tulikuwa walezi wawili. Mwenzangu alikuwa Emily, msichana wa Merigi, mwenye kicheko cha kusikika mpaka kwenye zizi la ng'ombe. Watoto humrukia. Anaongea nao Kipsigis, na mimi niliyekaa huku miaka mitatu, Kipsigis changu kinaishia kwenye salamu ya "chamgei" na bei ya viazi. Nilimpenda Emily. Nilimchukia pia, sijui kama unaelewa. Naona unaelewa.

Basi Jumamosi moja asubuhi nilikuwa naanika mashuka, nikasikia sauti ya Chelangat nyuma ya jikoni. Anaongea! Si "wewe, kuja", ni maneno marefu, sauti inapanda na kushuka, anasimulia kitu. Emily alikuwa anamenya viazi huku akimsikiliza. Na katikati ya maneno yote nisiyoyaelewa likatokea moja ninalolielewa. Mama. Kisha tena, mama. Emily akaitikia, "Ee, mama," akampangusa kamasi kwa leso yake.

Dada, nilisimama na shuka lenye maji mkononi mpaka likalowesha viatu vyangu. Wewe una wanne, unaitwa mama mara mia kwa siku mpaka unawaambia wanyamaze. Mimi sina wangu, na sijawahi kulalamikia hilo mbele yako, lakini siku hiyo nililitaka neno lile hata la kuazima. Mwaka mzima nimekaa sakafuni na mtoto huyu akinitemea mate, halafu anayemenya viazi ndiye anaitwa mama!

Kuna kanuni hapa kwamba mlezi hamfundishi mtoto kumwita mama, kwa sababu mtoto huenda ana mama yake mahali, na sisi ni wafanyakazi, tunaweza kuondoka. Niliishika kanuni hiyo kama rungu. Nikaenda moja kwa moja kwa meneja wetu, Bi. Atieno, mtu wa Kisumu, nikamwandikia ripoti kwa Kiswahili safi: "Mtoto anamwita Emily mama, na Emily anaitikia." Nilijua nililolisikia, na niliapa mbele yake kwamba nimelisikia kwa masikio yangu.

Emily akahamishiwa nyumba ya watoto wachanga, kungoja mkutano wa walezi. Aliambiwa tu kwamba ameingia kati ya mtoto na mtu wake. Yeye akadhani kosa ni kuongea Kipsigis kazini. Alibeba ndala zake na blanketi lake akapita mbele yangu bila kunitazama.

Chelangat akanyamaza kabisa. Alijifumua nywele zote. Akaanza tena kuficha ugali chini ya godoro, jambo ambalo alikuwa ameacha, na nilipojaribu kuutoa akaniuma mkono. Na mimi, Mungu anisamehe, siku mbili za kwanza nilikuwa na furaha. Nilijiambia sasa hana budi kuja kwangu. Hakuja kwa mtu yeyote.

Mkutano ukafika, Jumanne. Mshauri wetu huja Jumanne tu, na wiki iliyotangulia alikuwa matangani, kwa hivyo ripoti yangu hakuwa ameiona. Bi. Atieno akaisoma kwa sauti. Emily alikodoa macho.

"Aliita nani mama? Mimi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa," Bi. Atieno akasema.

Emily akaanza kucheka, halafu kicheko kikageuka kilio. "Lakini madam, mama kwetu si mama! Mama ni ndugu ya mama. Ni anko. Huyo mtoto alikuwa ananiambia juu ya anko yake, vile alikuwa anambeba kwa mabega wakienda kuchuna majani, na vile alikuwa anampea chai na kifuniko ya thermos. Mimi nilikuwa niandike hiyo maneno yote kwa kitabu, lakini mkanihamisha."

Mshauri, ambaye ni mtu wa huku huku, alijishika kichwa. "Ni kweli," akasema. "Mama ni mjomba."

Sisi Wakamba mama mzazi tunamwita mwaitu, kwa hivyo "mama" kwangu ni Kiswahili, basi. Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba neno hilo linaweza kuwa la mtu mwenye ndevu. Cheka sasa, nimekuruhusu. Lakini ukimaliza kucheka fikiria hili: kwenye faili ya Chelangat imeandikwa kwamba hana ndugu anayejulikana. Kumbe alikuwa na mtu. Alifungua mdomo mara moja katika mwaka mzima kutuambia, na mimi nikamfukuza aliyemsikiliza.

Hakuna aliyenikemea. Afadhali wangenikemea. Nilimfuata Emily kule kwa wachanga nikamwomba msamaha nikiwa nimesimama, maana miguu ilikataa kukaa.

"Ungeniuliza tu, Mwende," akasema. "Ni neno moja." Halafu akanisukumia mtoto aliyekuwa mkononi mwake. "Shika huyu, mkono yangu imechoka."

Siku iliyofuata alirudishwa kwetu, na sasa kila tukiosha vyombo ananifundisha Kipsigis. Ananicheka vibaya sana. Nastahili.

Ofisi ya watoto ikishirikiana na chifu ilimtafuta yule mjomba, wakampata huko Chepilat, anauza kuku sokoni. Anaitwa Wesley. Alikuwa amemwacha Chelangat kwa jirani akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya ngano Narok, na aliporudi jirani alikuwa amehama, mtoto hajulikani aliko. Siku aliyokuja hapa alivua gambuti mlangoni ingawa tulimwambia aingie nazo. "Mimi nilitafuta huyu mtoto mpaka watu wakaniambia niwache," alituambia. "Nilifikiri amekufa."

Chelangat alimtazama. Halafu akasema polepole, "Mama," na yule mwanamume akafunika uso wake kwa kofia.

Unadhani mimi nilifanya nini? Nilisimama pale nikimtafutia kosa. Kucha zake. Harufu ya kuku. Soksi yenye tundu. Nilimwonea wivu mtu aliyelia mbele yangu, Kalekye, kwa sababu mtoto alimkumbuka baada ya miaka miwili, na mimi ninayemsuka kila wiki ni "wewe".

Amekuwa akija kila Jumamosi, na hajakosa hata moja. Sasa wale wa ofisi ya watoto wanataka Chelangat akakae naye na mke wake wiki nzima ya Krismasi, waone kama siku moja anaweza kuhamia kwao kabisa. Maoni yanayongojewa ni yangu, kwa kuwa mimi ndiye mtu wake. Alhamisi nilikaa kuandika. Niliandika kwamba nyumba ni ya chumba kimoja, kwamba mjomba hushinda sokoni, kwamba mke wake hajazoea watoto wa aina hii. Hakuna uongo hata mmoja. Nilipousoma ukurasa ule nilijijua mwenyewe, yule yule wa uji. Nikauchana. Nikachukua karatasi nyingine nikaandika kwamba mjomba hajakosa Jumamosi hata moja, na mtoto aende.

Ijumaa nilimwambia Chelangat akiwa anakula. Alitafuna mpaka akamaliza, halafu akauliza, "Na nikikataa kulala huko?"

"Watanipigia simu, nije nikuchukue."

"Wewe?"

"Mimi."

"Si mtu mwingine?"

"Si mtu mwingine."

Akarudi kwenye sahani yake. Dada, mtoto huyu alikuwa anaondoka na mtu yeyote aliyemnyooshea mkono, hakuwahi kuuliza nani anabaki. Nilitoka nje nikajifanya naangalia kamba ya nguo.

Kwa hivyo Krismasi siji. Najua mwaitu ameshachagua mbuzi, na najua ni mwaka wa pili. Mweleze wewe, unajua kumweleza mambo akayapokea. Ndilo jambo jingine ninalokuonea wivu, kwamba utakula naye siku hiyo, na yeye atakuwekea maini bila kukuuliza.

Nisalimie shemeji, fundi wangu wa baiskeli, mwambie buti alizonipa bado zinapigana na matope ya huku. Nisalimie binti yako mkubwa anayengoja matokeo, na wale watatu wanaokupigia kelele. Msalimie mjomba wetu wa Migwani, aliyetufundisha kuendesha mkokoteni. Na yule mama mzee wa kanisani anayeniombea mume, mwambie apumzike kidogo.

Wewe niombee jambo moja tu. Wiki hiyo nzima nitakuwa nimekaa karibu na simu nikiomba isilie. Na nitakuwa nikiomba ilie.

Mdogo wako yule yule,
Mwende