Alichosema Mama kwa Daktari

Hail, 11 Februari 2024

Kaka Marhoon,

Assalaam aleikum. Hujambo wewe, na mkeo Bashayer, na watoto? Sisi wazima, ila nyumba imepooza tangu Mama atutoke. Kutoka hapa mpaka kwako Ansab si mbali, lakini simu yangu huipokei, basi naandika.

Mama alikwenda kituo cha afya mara nne, na mara nne akarudi na vidonge vya tumbo. Saratani ya kizazi ikaja kuonekana hospitali kuu, imeshasambaa. Nimepata familia kumi na moja zenye kisa kama chetu. Tunaomba jambo moja tu: mgonjwa akirudi mara ya tatu na shida ile ile, apelekwe kwa daktari bingwa. Wakuu wa kituo watatusikiliza tarehe 20 Machi. Wewe ndiye uliyekuwa ukimpeleka. Niandikie alichomwambia daktari.

Mdogo wako,
Muhsina

Ansab, 2 Machi

Mdogo wangu,

Waaleikum salaam. Hatujambo, alhamdulillahi. Kazi za karakana yangu kule Ghala zimenibana, nisamehe. Siku za Mama zilifika. Kumlaumu daktari hakutamrudisha. Mwache apumzike.

Kakako

Hail, 21 Machi

Kaka,

Natumai u mzima. Mimi jana nimeaibika. Nilisimama nikasema Mama alimwambia daktari anatoka damu, maana mwenyewe aliniambia, "Nshamwambia." Wakafungua faili. Mara zote nne limeandikwa tumbo. Damu haimo. Wakaniuliza kwa upole kama nina hakika, na moyoni nikamwona Mama mwongo. Nalia kwa hilo. Alisema au hakusema?

Mdogo wako

Ansab, 9 Septemba

Muhsina, mdogo wangu,

Salaam nyingi. Afya ninayo, raha sina, ndiyo maana miezi yote hii sikukujibu.

Alisema. Unajua daktari hajui Kiswahili, na Kiarabu cha Mama kilikuwa cha kuamkiana tu. Mimi ndiye niliyemsemea. Aligeukia ukutani akaniambia, "Mwambie nnatoka damu, na ada yangu ya mwezi ilishakatika zamani." Mimi mwanawe wa kiume, mbele ya daktari mwanamume! Niliona haya, nikasema tumbo linamuuma. Mara nne, Muhsina. Nilidhani namsitiri. Tukirudi garini alikuwa akinishukuru.

Daktari naye hakuuliza hata siku moja kwa nini amerudi tena. Wasomee barua hii, na jina langu ulitaje.

Kakako

Hail, 3 Oktoba

Kaka yangu,

Waaleikum salaam. Watoto hawajambo?

Nimerudi kwa wakuu wa kituo, nimewasomea yote. Wamekubali: mara ya tatu mgonjwa atapelekwa kwa bingwa, na wanawake watapata mkalimani wa kike asiye jamaa yao. Ijumaa nitakuja kula kwenu, mwambie Bashayer.

Wiki mbili nzima nilikuchukia, na sikuwa na haki. Kuna neno sikuwaambia. Kabla hajakwambia wewe, Mama alinipigia mimi, akaniomba nimpeleke, akasema ni mambo ya kike. Nilikuwa na mkutano kazini. Nikamjibu, "Mwambie Marhoon akupeleke."

Mdogo wako,
Muhsina