Uji wa Mchana wa Ramadhani

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu zikufikie huko Mombasa, wewe na mtoto. Huku Ogembo tu wazima, ila upepo umeangusha migomba ya babu yako.

Umeuliza kama anayenyonyesha lazima afunge. Nilipomnyonyesha baba yako, saumu ilinikausha maziwa. Nikapika uji wa wimbi, nikaunywa adhuhuri mlangoni pa duka letu. Wanawake wenzangu wa msikitini wakanong'ona, "Si alisilimu juzi tu huyu."

Nikawajibu, "Aliyeniamuru kufunga ndiye aliyeniruhusu kula. Sasa nimfiche nani?" Nikajaza kikombe tena.

Siku zile nilizilipa baadaye, mji mzima ukila. Hakuna aliyekuja kunitazama.

Wewe kunywa uji wako, tena mlangoni.

Nyanya yako